Mkono wa Abednego

Kabla mashine hazijawashwa, wafanyakazi wa kiwanda cha dobi hukaa juu ya mabunda ya shuka chafu wakisikiliza Neno. Waliowahi hukalia shuka za hoteli, waliochelewa huachiwa za hospitali. Asubuhi hiyo mama mmoja wa mashine ya pasi aliwahi, lakini akakaa juu ya za hospitali, karibu na mlango, mkono wake wa kulia ameulaza mapajani kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa amshikie.

Bandeji ilikuwa imetolewa. Vidole vilikuwa vimeshikana na ngozi imenyooka, inang'aa. Siku ya kuitoa, daktari alimchoma sindano kiganjani akamwuliza kama anasikia. Hakusikia. Akamchoma tena pengine, akatikisa kichwa, akamwita mgonjwa mwingine.

Tangu mvua zianze, mwenye dobi, ambaye pia ni mzee wa kanisa na hupenda aitwe Mzee, alikuwa akiwafundisha juu ya kusimama imara wakati wa majaribu. Somo la Ayubu liliangukia wiki ambayo mishahara ilichelewa. La Yusufu gerezani liliangukia wiki ambayo mlango wa nyuma ulianza kutiwa kufuli mpaka kazi iishe. Mama Pacha, mwenzake wa mashine ya pasi, ambaye ulimi wake haujui kupumzika, alisema Biblia ya Mzee inaijua ratiba ya dobi kuliko msimamizi. Leo ilikuwa zamu ya vijana watatu, Abednego na wenzake, na tanuru la moto, na mwenye mkono ulioungua alijua kwa nini.

Ijumaa aliitwa ofisini. Aliamkia, akaitikiwa, akakaribishwa kiti. Alikuwa na ombi moja tu. Tangu aungue, nafasi yake kwenye mashine ya pasi ilishikwa na bintiye, ili kazi isitoke nyumbani. Na juzi, wakati wa kula, binti alikuwa akila kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameuficha chini ya meza. Mama alipouvuta aliona kucha moja imekuwa nyeusi.

"Mzee, naomba ule waya ufunguliwe," alisema.

"Waya gani, mama?"

"Uliofunga kizuizi cha mashine. Kikiwa huru, mkono ukikigusa tu, mashine inasimama. Mtoto bado hajaizoea."

"Nani alikifunga?"

Alikifunga yeye, kwa koleo la Mzee, Mzee mwenyewe amesimama nyuma yake akimmulikia tochi, siku ambayo mashine ilikuwa ikisimama kila mara na gari la hoteli linangoja nje.

"Ni mimi."

"Na sikukuuliza. Wala sikukufukuza. Unaona?" Mzee alisema kwa upole, upole wa kweli, na hilo ndilo lililomchosha. "Jumatatu simama utoe ushuhuda. Watu wamevunjika moyo. Waambie Mungu amekuvusha. Ya waya tutayaangalia baadaye. Imani haiwekewi masharti."

Njia nzima ya kuja kazini Jumatatu aliiambia nafsi yake kwamba atautaja waya, mbele ya wote, wamfukuze basi. Sasa Mzee alikuwa amefika pale vijana wanapotoka tanuruni wazima, nywele hazijaungua, nguo hazina hata harufu ya moshi. Akafunga kitabu. Akamwita.

Alisimama. Akasema Bwana asifiwe, wakaitikia. Akasema mashine ilimshika, akalia, akapelekwa hospitali, akarudi. Sauti yake ilitoka bila kupanda wala kushuka. Bintiye alikuwa amekaa mbele, juu ya za hoteli, anamtazama.

"Na kile kizuizi," alianza.

"Inua mkono, mama, watu wauone," Mzee alisema.

Akauinua.

"Unauma?"

"Hauumi."

"Hata kidogo?"

"Sisikii chochote, Mzee."

Ulikuwa ukweli mtupu, na ndio pekee uliokuwa na kazi pale. Mzee akawageukia watu akawaambia wajionee wenyewe: moto umepita, maumivu hayapo. Waliitikia amina. Mtu akaanzisha pambio, wengine wakadakia, na pambio halijafika mwisho mashine zikawashwa. Waya ukabaki mdomoni mwake.

"Karibu tena, Abednego wetu," Mama Pacha alimnong'oneza, na waliokuwa karibu wakacheka. Yeye pia alicheka, maana lilichekesha. Zaidi ya hapo hakuwa na lolote moyoni.

Alimfuata Mzee mpaka kwenye mashine ya pasi. Bintiye alikuwa ameshaanza kuingiza shuka, vidole vinarudi nyuma kila chuma kinapokaribia.

"Mzee, ule waya."

Mzee alitazama mashine, akatazama gari lililokuwa linapakiwa nje, kisha akautazama ule mkono kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa.

"Umesema hausikii moto?"

"Hausikii."

"Basi rudi mahali pako. Mtoto aende kukunja. Mungu hakukuachia mkono huo bure."

"Asante, Mzee," alisema, na asante hiyo ilimtoka moyoni. Bintiye alivua glavu zilizotoboka, akamkabidhi, akaenda kwenye meza ya kukunjia akipuliza kidole. Glavu ya kulia haikuingia. Akaiweka kando.

Kazi aliikumbuka upesi. Kushoto kusukuma, kulia kubana pindo lisijikunje. Mama Pacha alipokea upande wa pili, akisimulia habari za mapacha wake na homa yao, naye akaitikia inapobidi. Karibu na saa ya chakula, Mama Pacha akakatiza hadithi, akanusa.

"Kuna shuka inaungua hapo kwako."

Akaitazama iliyokuwa ikipita. Nyeupe. Akafunua inayofuata, nyeupe. Akainama kuchungulia chini, akaona waya umesuguliwa mpaka unang'aa, na hakuna kitu kilichonasa.

"Angalia vizuri, tutakatwa mshahara," Mama Pacha alisema. "Inanuka sana."

Akaziangalia tena, moja moja, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa pale pale, umelala juu ya chuma.