Mama Pacha Alivyoisifia Bledi

Baba Pacha, dereva wa trekta, alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: ukimwambia kulia, yeye kushoto. Mkewe aliugundua mapema, akaugeuza mtaji. Akitaka bati jekundu, anasifia la kijani mpaka povu linamtoka. Miaka kumi na minane nyumba ile iliendeshwa kinyumenyume, na wala haikuanguka.

Asubuhi hiyo walikuwa uani kwa mchomeleaji, wanachagua kifaa cha kufunga nyuma ya trekta ili wasawazishe shamba. Jamani, shamba gani lile! Huku kichuguu, huku shimo. Mvua ikinyesha maji yanatuama, na misimu miwili mfululizo vitunguu vyao vilikuwa vimeozea kwenye madimbwi. Miche ya msimu huu ilikuwa kitaluni inangoja, na mwenye shamba alishasema: mkishindwa safari hii, nampa mwingine.

Vifaa vilikuwa viwili. Kimoja bledi, bapa pana la chuma lililopakwa rangi ya chungwa, linang'aa hilo! Cha pili fremu ndefu yenye kutu, na visu viwili vimekingama tumboni. Mama Pacha alikuwa ameshadodosa kwa madereva, akaambiwa siri yote. Pua ya trekta ikipanda kichuguu, bledi nyuma inazama. Pua ikishuka, bledi inainuka. Unafuta vichuguu vya zamani huku unazaa vipya. Fremu, kwa urefu wake, inalala juu ya kichuguu na shimo kwa pamoja, inakwangua hapa, inafukia pale.

Kwa hiyo alitaka fremu. Na kwa hiyo hiyo akaenda moja kwa moja kuikumbatia bledi.

"Baba Pacha, njoo uone mambo! Hii ndiyo yenyewe. Lile dude la kutu hata mbuzi hawezi kulilalia."

Akasubiri mumewe akunje uso kama kawaida. Baba Pacha akaizunguka bledi, akaigonga kwa kidole.

"Unajua, mke wangu, umesema kweli."

"Nimesema nini?"

"Kweli. Miaka yote nakubishia, kumbe una jicho. Leo nakusikiliza. Fundi, tufungie hii."

Mama Pacha akaiachia bledi. Ama kweli, mtu asiokoke siku zote, aje aokoke leo!

"Lakini hiyo rangi, mume wangu, wewe huipendi."

"Nimeanza kuipenda."

"Mbona kama nzito?"

"Itabebwa na trekta, si na wewe."

Fundi alishaokota spana. Mama Pacha akaiona miche yake ikielea kwenye maji, na mwenye shamba amesimama pembeni na mpangaji mpya. Uvumilivu ukamwisha.

"Simama hapo!" akapiga kelele. "Siitaki! Naichukia! Nataka ile fremu. Nimeisifia bledi ili uikatae. Haya, nimesema!"

Mabega ya fundi yakaanza kutikisika, na Baba Pacha akaangua kicheko mpaka akajishika mbavu.

"Fremu nimeichagua tangu juzi, muulize fundi. Nilitaka tu, walau siku moja, nikusikie ukisema unachokitaka. Unadhani sijui? Mwaka wa pili tu wa ndoa nilishakushtukia."

Mama Pacha aliona aibu, akaona hasira, halafu vyote viwili vikamshinda, akacheka. "Basi wa kwanza ulikuwa wangu."

"Wa kwanza wako. Na kabla hatujaoana je? Siku ile uliposema mbele ya dada zangu kwamba heri uolewe na punda kuliko dereva wa trekta?"

Fundi, aliyekuwa ameanza kuifunga fremu, akaiacha boliti nusu ili asikie vizuri.

Mama Pacha akapanda kwenye trekta, akakaa, akatazama mbele.

"Washa," akasema. "Miche inangoja."