Jibu Sahihi, Jumlisha Moja

Mwalimu wa hesabu wa kidato cha pili hakutoka ofisini bila rula mkononi, kwa hiyo wanafunzi walimwita Mwalimu Rula. Alijua, na hakujali. Muhula huo shule yake ilipata programu ya mazoezi ya mtandaoni, na kila Jumanne na Alhamisi darasa lake lilihamia chumba cha kompyuta, wanafunzi wawili kwa kila mashine, kwa zamu. Programu ilimpa kila mmoja maswali kumi. Ukikosa matatu mfululizo ilikusimamisha, ikakuletea chemshabongo yenye picha ili upumzishe kichwa. Waliotengeneza waliiweka kama pole.

Baada ya wiki tatu ripoti ilitoka. Aliyeshika mkia alikuwa Sindano, binti wa fundi cherehani, msichana mwembamba aliyepewa jina hilo na wenzake tangu siku ya kwanza. Mstari wake ulikuwa mwekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Makamu mkuu wa shule aliiona ripoti hiyo, akashauri ahamishiwe kwa wanaorudia masomo ya kidato cha kwanza. Mwalimu Rula aliomba apewe mpaka Ijumaa. Kuna kitu hakikumkaa sawa. Mwaka uliopita Sindano hakuwa moto wa kuotea mbali, lakini hakuwa wa mwisho pia.

Akaketi na majibu yenyewe, moja baada ya jingine. X ilikuwa sita, Sindano kaandika saba. Eneo lilikuwa arobaini na nane, kaandika arobaini na tisa. Pembe ya nyuzi thelathini na tano, kaandika thelathini na sita. Alipofika jibu la kumi na mbili alianza kucheka peke yake, hadi mwalimu wa jiografia akamuuliza kulikoni. Alikuwa ameshahamia kwenye safu ya muda. Kila zamu, maswali matatu ya kwanza yalimchukua Sindano dakika moja. Chemshabongo ilimchukua zamu yote iliyobaki. Hakuwahi kufika swali la nne.

Alhamisi hakumwita ofisini. Alivuta kiti akakaa kando yake.

"Mwalimu, nimefanya kosa?" Sindano aliuliza.

"Umefanya mengi. Ila yote yanafanana. Kwa nini unaongeza moja?"

Msichana alisema kwa sauti ya chini kwamba mtu akiandika ovyo anaweza kupatia kwa bahati mbaya, na akipatia, hesabu ya makosa matatu inaanza upya. "Kwa hiyo natafuta kwanza lililo sahihi, ndipo nalikwepa."

Mwalimu Rula hakujua kama amkaripie au ampe mkono. Alichotaka kujua ni nini hasa kilichoko ndani ya hiyo chemshabongo. Sindano akamwonyesha. Kwenye skrini kulikuwa na mraba ulioondolewa robo yake moja, ukabaki kama herufi L nene. Kazi ilikuwa kuukata vipande vinne vilivyo sawa kwa ukubwa na kwa umbo. Hiyo alikuwa ameimaliza wiki iliyopita, alisema, na akatoa ndani ya daftari bahasha iliyojaa mabaki ya vitambaa aliyookota chini ya cherehani ya mama yake. Akavipanga mezani: L ndogo nne zilizoshikana zikawa L moja kubwa.

Alieleza kwamba vinne vilimtoa jasho siku tatu. Viwili havina shida, unakata mshazari kutoka kona ya ndani hadi kona ya nje iliyo mkabala nayo. Vitatu ni miraba inayojionyesha yenyewe, na ukiigawa kila mmoja nusu unapata sita.

"Vinavyonisumbua ni vitano," alisema.

"Programu haijauliza vitano."

"Najua, Mwalimu. Lakini kama vinne vipo na sita vipo, vitano vimekwenda wapi?"

Mwalimu Rula alichukua karatasi na mkasi. Alijaribu hivi, akajaribu vile, mpaka kengele ikalia na meza imejaa vipande visivyolingana. Alikuwa amefundisha miaka kumi na minne. "Hata mimi sijui," alisema, na alishangaa jinsi maneno hayo yalivyomtoka kwa furaha.

Ijumaa alimweleza makamu mkuu kisa chote. Yule bwana alisikiliza hadi mwisho, akasema hajaelewa hiyo ya vipande vinne, kisha akaomba aachiwe mkasi. Habari ya kumhamisha mtoto iliishia hapo.

Sindano naye hakuachiwa bure. Aliambiwa afanye maswali yote kumi kwa haki, na Mwalimu Rula akatafuta kwenye mipangilio ya programu mpaka akapata namna ya kuifungua chemshabongo kwa yeyote aliyemaliza, apatie asipatie. Jumanne iliyofuata Sindano alimaliza kwa dakika tisa. Mawili alikosa kweli, na hayo yalimuuma; aliyarudia mara mbili kabla ya kugusa picha. Wengine walikimbilia picha, wakazichoka baada ya siku mbili. Lakini mvulana mmoja ambaye hakuwahi kunyoosha mkono darasani alibishana na jirani yake kuhusu kuikata ile L hadi wakatolewa nje wote wawili, wakaendelea kubishana huko huko nje.

Mwalimu Rula aliwaandikia waliotengeneza programu kuwauliza kuhusu vitano. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, akalisoma mbele ya darasa. Walisema wao wana jibu la vinne tu, na kwamba darasa likipata la vitano, tafadhali liwatumie.

Sindano alinyoosha mkono. Alitaka kujua kama wanataka kutumiwa pia iwapo itaonekana haiwezekani.

Mwalimu Rula alisema anadhani wangetaka sana, ila itabidi kuonyesha kwa nini haiwezekani, na huenda hiyo ndiyo kazi ngumu zaidi.

"Basi mimi nataka hiyo," alisema Sindano, akaenda kabatini kuchukua karatasi.