Mgongo Uliomfaulisha Limi

Kila asubuhi, wakati wa chai, Limi aliuazima mwili wa baba yake.

Makoye alikaa kwenye kigoda uani kwao Ngokolo, miguu kainyoosha mbele, kikombe mkononi, na binti yake akamzunguka na mwiko akimgusagusa. Limi alikuwa mwaka wa pili chuo cha utabibu, na maneno ya huko hayakumkaa kichwani mpaka ayaone yamekaa juu ya mtu. Akigusa goti husema arthro, kiungo. Akigusa mkono, myo, msuli. Muundi, osteo, mfupa. Nyuma ya kisigino, teno, kano. Mwalimu wao, Pantaleo, alikuwa amewaambia kwamba neno la kitabibu ni kama treni ya kwenda Mwanza: ukikijua kichwa chake na behewa lake la mwisho, huna haja ya kuogopa urefu wake. Osteo mbele, itis nyuma, basi huo ni mfupa wenye uvimbe na joto. Arthro mbele, algia nyuma, hayo ni maumivu ya kiungo.

Makoye aliiacha shule darasa la nne ili achunge ng'ombe, kisha akayaacha ya ng'ombe akaenda kuchimba dhahabu Mwakitolyo. Maneno hayo aliyarudia kwa lafudhi yake nzito ya Kisukuma, na kadiri miezi ilivyokwenda aliyajua kuliko baadhi ya wanachuo. Alipenda kusema kwamba arthro ndiyo iliyomstaafisha ngoma, na kwamba algia anayo ya kugawa mtaa mzima.

Jumanne hiyo neno lilikuwa spondylo, pingili za uti wa mgongo. Limi aliweka mwiko chini, akasimama nyuma ya baba yake, akawa anashuka na kidole gumba juu ya shati, pingili baada ya pingili. Alipofika katikati ya mgongo akabonyeza.

Makoye hakupiga kelele. Pumzi ilimkatika tu, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, na kikombe kikamponyoka. Chai, iliyokuwa bado inatoa mvuke, ilimwagikia mguu wake wa kushoto, kuanzia kifundo hadi vidole. Limi aliruka kando. Mguu wa baba yake haukuruka. Ulibaki palepale, majani ya chai yameganda katikati ya vidole, kana kwamba ni mguu wa mtu mwingine.

"Basi, mayu," Makoye akasema, akimwita mama kwa Kisukuma kama kawaida yake, akijishika ukutani ili ainuke. "Leo umebonyeza kama unakanda ugali. Nenda, utachelewa."

Limi akaenda. Alikuwa msichana wa kutii kwanza na kuwaza baadaye, na mawazo yalimfikia akiwa njiani, yakaja yote kwa pamoja. Mashati ya baba yake, ambayo yeye ndiye aliyeyafua, kila asubuhi yalikuwa mabichi kwa jasho hata siku za baridi. Mkanda wa suruali alikuwa ameutoboa tundu jipya, kisha jingine. Na namna alivyokuwa akitembea siku hizi, akiburuta nyayo, mama akimtania kwamba anafagia uwanja bure.

Darasani alifungua daftari atafute spondylo, lakini vidole vyake vikarudi nyuma vyenyewe mpaka kurasa za mwezi wa tatu. Hapo palikuwa na mwandiko wake mzuri wa mviringo: kypho, mgongo kuinama mbele, nundu. Na pembeni, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameongeza: kama ya Baba.

Aliikumbuka siku hiyo vizuri. Baba alikuwa ameinama kuosha uso, shati limembana, na Limi akaona kitu kama kifundo kimejitokeza katikati ya mgongo. Alimwonyesha neno hilo kwa furaha. Makoye akacheka, akasema hiyo ni stempu ya Mwakitolyo, miaka kumi na moja ya kupandisha viroba vya mawe kutoka duarani, chini ya shimo la dhahabu, haiwezi kumwacha mtu bila alama. Wakacheka wote. Wiki iliyofuata swali likaja kwenye jaribio, Limi akalijibu bila kufikiri, akapata kumi na tisa kwa ishirini, na Mwalimu Pantaleo akalisoma jina lake mbele ya darasa. Alikimbilia nyumbani kumwonyesha baba yake karatasi. Baba aliipeleka kwa jirani akajivunie.

Sasa aliitazama ile kalamu nyekundu mpaka herufi zikacheza. Alikuwa ameuona ugonjwa kwa macho yake, akaupa jina lake sahihi, akachukua alama, akamwacha mwenye mgongo.

Mchana alijikaza akamfuata Mwalimu Pantaleo. Kumfuata mwalimu ofisini, kwa Limi, ilikuwa kazi ya siku nzima. Alisimama mlangoni na kuondoka mara mbili kabla ya kubisha. Alieleza akiitazama meza. Mwalimu alimsikiliza huku akisahihisha karatasi, mpaka Limi alipofika kwenye chai. Hapo aliweka kalamu chini, akamwuliza kama mguu kweli haukushtuka hata kidogo, na Limi akasema haukushtuka.

Mwalimu akamwambia kwamba hawezi kutaja ugonjwa kabla ya picha na vipimo. Lakini mchimbaji wa miaka mingi, mwenye jasho la usiku, aliyekonda, mwenye nundu inayouma ikibonyezwa, yeye angehofia kifua kikuu kilichokwenda kukaa kwenye pingili za mgongo. Dawa zake zipo na hutolewa bure. Ila pingili ikiporomoka ikaubana uti, miguu hufa, na ikishakufa huenda isifufuke. Amlete hospitali kesho asubuhi. Asinyanyue mzigo. Asipande pikipiki. Kisha akamwuliza kama amekwisha kumwambia mgonjwa. Limi akasema atamwambia leo.

Alimkuta baba yake anafunga begi.

Boaz, mwenzake wa duara moja huko Mwakitolyo, ambako Makoye alikuwa na miezi hajarudi, alikuwa amepiga simu. Wamefika kwenye mwamba wenye dhahabu, na huko machimboni asiyekuwepo mwamba ukifunguliwa hahesabiwi tena kuwa mwenzao. Atakaporudi atakuta mtu mwingine ameshika kamba yake. Kesho alfajiri Boaz angempitia. Makoye alisema hayo kwa uchangamfu usio wake, akikunja blanketi, akilikunjua, akilikunja tena.

Limi alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Mtoto wa kike wa Kisukuma haanzi tu kumwambia baba yake habari za mwili wake. Mchezo wa asubuhi ulikuwa mchezo, tena wa juu ya shati. Nyuma ya mchezo palikuwa na heshima. Kwa hiyo akaingilia mlango aliouzoea. Akamwambia kwamba amezungumza na mwalimu, na huenda ikawa ni spondylitis.

Makoye aliinua uso, na kwa nukta moja Limi akadhani ameelewa. Kisha akatabasamu.

"Spondylo, pingili. Itis, uvimbe wenye joto. Nimekosa?"

"Hujakosa, Baba."

"Basi nipe nyingine nikirudi."

Akafunga zipu ya begi. Limi akatoka, akaenda kukaa jikoni na mama yake, Martina, aliyekuwa akichambua mchele wa kupeleka sokoni kesho. Mama hakushangaa alipoambiwa. Mikono yake iliendelea kupepeta, na macho hakuyainua. Alisema kwamba Pasaka, walipoaga kwamba wanakwenda kusalimia ndugu Ushetu, alimsindikiza Makoye kwa mganga, naye akachanjwa chale kuizunguka ile nundu. Yale yalikuwa maumivu tu, akadhani ni ya mizigo. Baadaye alipoona jasho akamshauri hospitali, na Makoye akaacha kusema naye siku tatu. Machimboni, mtu akishapimwa kifua hutengewa kikombe. Wenzake humwachia nafasi kubwa kwenye benchi. Makoye mwenyewe alikuwa amewahi kumtengea mtu kikombe, mtu wa Geita aliyeitwa Magesa, na Magesa aliondoka kambini bila kuaga mtu.

"Mimi nimeshindwa," Martina akasema. "Wewe ndiye anayekujivunia."

Limi hakulala vizuri. Mara tatu aliyapanga maneno, na kila mara yalikuja yakiwa yamevaa nguo za chuo. Aligundua, akiwa amelala chali anatazama bati, kwamba ameyapenda maneno yale kwa sababu yalikuwa mbali. Ukisema osteo, hakuna mtu anayeumwa.

Kulipopambazuka, pikipiki ya Boaz ilikuwa tayari inanguruma mlangoni. Limi alitoka akamwamkia, shikamoo baba mdogo, na Boaz akaitikia marahaba, daktari, umemlisha mzee wako akashiba, maana leo tunakwenda kugombana na mwamba. Begi likafungwa nyuma ya kiti. Mama alisimama kwenye kizingiti, kanga ameikaza kifuani.

Makoye akatoka ndani. Alitembea wima kuliko siku zote, kama mtu anayejua anatazamwa. Alivuka uwanja akaifikia pikipiki, akashika kiti. Nyuma yake, katikati ya uwanja, kandambili ya mguu wa kushoto ilikuwa imebaki. Alikuwa amekanyaga changarawe hatua sita kwa mguu mtupu, wala hakujua.

Boaz aliiona, akacheka, akamwambia kwamba ameanza uzee mapema, amesahau kiatu kama mlevi. Makoye akatazama chini. Alitazama mguu wake, kisha akatazama kandambili kule nyuma, na Limi akauona uso wa baba yake ukibadilika, kitu ambacho hakuwahi kukiona tangu azaliwe.

Limi akaenda akasimama mbele ya pikipiki. Boaz alikuwepo, jirani alikuwa anafagia ng'ambo ya ua, na hakukuwa na namna ya kulisema jambo hili kwa siri.

"Baba, usipande. Mwalimu anahofia una kifua kikuu cha mgongo. Kinakula mifupa, na mifupa ikianguka hutatembea tena. Chai ilikuunguza jana hukuisikia. Sasa changarawe huzisikii."

"Limi," mama yake akaita kwa sauti ya chini.

"Niliiona nundu mwezi wa tatu. Nikaiandika kwenye daftari. Ile karatasi uliyompelekea jirani, Baba, zile alama ni mgongo wako. Niliujua nikanyamaza, kwa sababu nilidhani ni somo. Ukipanda hiyo pikipiki nitakuwa nimekuua mimi."

Boaz alizima injini. Limi akajutia kila neno. Alikuwa amemvua nguo baba yake mbele ya rafiki yake. Alingoja akaripiwe, au apitwe kama vile hayupo.

Boaz ndiye aliyejongea kwanza. Alishuka, akaifungua kamba, akalichukua begi na kulirudisha taratibu kizingitini kwa Martina. Alivuka uwanja, akaiokota kandambili, akaja kuiweka chini mbele ya mguu wa Makoye. Alipoona mguu ule unapapasa na kukosa, mara moja, mara mbili, alichutama akamvalisha kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akasema anakwenda barabarani kutafuta bajaji, akatoka kwa miguu.

Makoye alibaki ameshika kiti cha pikipiki. Limi alimsogelea, akatoa bega lake bila kumwangalia, naye baada ya muda akaliegemea. Alikuwa mwepesi. Hilo lilimtisha Limi kuliko yote.

"Sikuwa nakwenda kuchimba," Makoye akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu anayezungumza na ardhi. "Kwa miguu hii ningeshukaje duarani? Siisikii vizuri tangu Jumapili. Nilitaka miguu iniishie huko, wewe usije ukaniona nabebwa."

Bajaji ilisikika ikikata kona.

"Naogopa, mayu," akasema. "Twende. Ila tukifika huko usiniache peke yangu mlangoni."