Korongo Waliotazama Ukuta

Kabla hatujakata ubao hata mmoja, Mjomba Teun alitoa gololi mfukoni akaiachia kwenye sakafu ya chumba cha nyuma. Ikabingirika kulia mpaka ikagonga ukuta.

"Sentimita tatu," akasema. "Miguu ya kulia ya kabati iwe mirefu."

Ndivyo tunavyotengeneza vitu hapa Jordaan, mtaa wetu wa mifereji. Nyumba zetu zimesimama juu ya magogo yaliyozama kwenye matope, kila moja imelalia upande wake, na fundi anayekuja na pimamaji tunajua ni mgeni. Mjomba ana miaka sitini na minane na sijawahi kuona meza yake yenye miguu iliyolingana.

Tangi la samaki la kukaa juu ya kabati hilo lilikuwa langu. Nilitaka kuingia chama cha wafugaji wa samaki, na sharti lao ni kwamba tangi la kwanza mtu alitengeneze nyumbani. Mkaguzi huja kuliona likiwa na maji, kabla ya samaki. Likivuja au likikaa vibaya, unasubiri mwaka mzima. Na maswali yake unayajibu mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo lililonitisha, maana mimi hata dukani naonyesha mkate kwa kidole.

Kuunganisha vioo hakukuhitaji maneno. Nilisafisha kingo kwa spiriti, nikapaka silikoni bila kuinua mkono, nikafunga kwa utepe, nikaacha wiki nzima ikauke. Mjomba alijenga kabati la kulibeba, na kwenye milango yake miwili akachonga korongo wawili, kama wale wanaosimama juu ya mashua za mfereji wetu wakisubiri vichwa vya samaki. Wiki mbili alichonga. Hata manyoya ya shingo aliyaweka.

Jumamosi asubuhi, siku ya mkaguzi, tulilipandisha kabati kutoka barabarani kwa kamba, kwenye ndoano ya kuinulia mizigo iliyo juu ya paa, likaingilia dirishani, kwa kuwa ngazi zetu hazipitishi hata godoro. Tangi likafuata. Kisha kabati likakwama kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Tulikuwa tumepima kabati; ubao wa juu, unaotokeza pembeni, hatukuupima.

"Basi likae huku mbele," akasema Mjomba. "Ukuta ni ukuta."

Nikajaza maji. Bi Aafje, jirani yetu wa chini, alipanda na kahawa yake kuja kutazama. Upande wa kulia maji yalikuwa bado chini ya ukingo, lakini upande wa kushoto yalikuwa yanataka kumwagika.

"Maji yamepinda," akasema Bi Aafje.

"Hayajatulia," akasema Mjomba. "Yape muda."

"Nimeyapa kikombe kizima cha kahawa, Teun."

"Labda yanavutwa na dirisha."

Nilitazama viatu vyangu. Kisha nikaokota gololi mezani nikaiachia sakafuni. Chumba cha mbele huinamia kushoto. Gololi ikaenda kushoto.

Mjomba akaiokota. "Ah," akasema. Akaenda kuchukua msumeno.

Ilikuwa saa nne. Mkaguzi alikuwa anakuja saa sita.

"Mjomba," nikasema. "Usikate."

"Nifanye nini sasa, niwaambie majirani waisukume nyumba?"

"Tuligeuze. Mbele iwe nyuma. Miguu mirefu itakuja kushoto."

Alishusha msumeno. "Na korongo wangu?"

Nikauonyesha ukuta kwa kidole.

"Wiki mbili," akasema. "Wiki mbili nimechonga shingo, waje kutazama ukuta."

"Wamezoea kusimama bila kuona kitu," akasema Bi Aafje. "Shika upande huo, mzee, acha kununa."

Tulinyonya maji kwa mpira kupitia dirishani mpaka mferejini, Bi Aafje akiwa chini anawafukuza wenye baiskeli. Tukaligeuza kabati, tukarudisha tangi, nikajaza tena. Saa sita kasorobo maji yalilala sawa na ukingo toka pembe hadi pembe.

Mkaguzi, Bwana Hoekstra, alikuwa mtu mrefu mwenye daftari. Alipitisha kidole kwenye kila kiungo, akauliza silikoni ilikauka siku ngapi.

"Saba," nikasema.

Akaandika. Kisha akalitazama kabati, ule mgongo wake wa mbao tupu. "Tangi limekaa vizuri. Kabati ni imara, lakini halina hata mlango. Fundi hakujishughulisha sana."

Mjomba alikuwa amesimama karibu na jiko, anakunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa. Masharti yalikuwa kwamba nijibu mimi.

"Milango ipo," nikasema. "Iko ukutani. Sakafu ilitulazimisha. Ina korongo wawili, na mjomba wangu amewachonga mpaka manyoya ya shingo, na hujawahi kuona wazuri kama hao, sasa ukitaka kuandika habari za fundi, piga magoti kwanza."

Sijui maneno yale yote yalitoka wapi. Bi Aafje, aliyekuwa amerudi juu na kahawa nyingine, aliacha kunywa.

Bwana Hoekstra alinitazama, akaweka daftari chini, akalala sakafuni na koti lake zuri na kuchungulia upenyo uliobaki kati ya kabati na ukuta kwa tochi ya simu.

"Huyu wa kushoto," sauti yake ikatoka, "anafanana na yule korongo anayesimama darajani."

"Ndiye," akasema Mjomba, na tayari alikuwa amepiga magoti upande wa pili. "Mtazame mguu. Ule ulivunjika mwaka juzi."

Kadi yangu ya uanachama ilisainiwa pale pale sakafuni.