Njia ya Maksai

Babu alikuwa na kilima kizima. Baba akarithi bega lake. Sisi watoto sita tumepata mbavu.

Baba mdogo ndiye aliyetugawia, na yeye huogopa lawama kuliko nyoka. Angekata kilima kwa kukingama, wa juu wangepata barabara, wa chini wangepata mto, halafu tungetoana macho. Basi akavuta kamba kutoka barabarani mpaka mtoni, kila mtu akapata kipande cha barabara na kipande cha maji.

"Hata kitinda mimba wa kike kapata sawa na madume!" akasema, akijifuta jasho.

Tukapiga makofi. Kitinda mimba ni mimi, na nilipiga kwa nguvu kuliko wote. Katika furaha ile hakuna aliyekumbuka kwamba shamba hulimwa.

Wenzangu walipotawanyika nilibaki na mama, na plau naishika mimi. Mteremko wetu hulimwa kwa kukingama, maji yasibebe udongo. Nikaingiza maksai wawili kwenye ubavu wangu. Hata hawajachangamka, washaingia kwa kaka mkubwa. Mkewe alikuwa mpakani, mikono kiunoni.

"Wifi, hawa ng'ombe wako hawajui mpaka?"

"Hawakuitwa kikaoni."

Hakucheka. Nikageuza plau, nikalima kwa kuteremka. Mvua ya kwanza ikashika mifuo yangu kama njia iliyochongwa, ikashuka na udongo wote. Mama akasimama kutazama mto ulivyokuwa mwekundu, akaguna tu. Mimi usingizi ukanihama. Mbegu iliyobaki ilikuwa ya kupanda mara moja, na mawingu hayakuwa na mpango wa kunisubiri.

Nikamwendea Fundi, kaka ninayemfuata kuzaliwa. Ni mwashi, na ubavu wake umelalia wangu upande wa pili. Siku zote anaota vyumba vya kupangisha barabarani.

"Kaka, chukua barabara yangu, unipe mto wako."

Alikubali kabla sijafunga mdomo. Huku chini ningepata upana wa mbavu mbili, maksai wageuke bila kumkanyaga mtu. Lakini zizi liko kwa mama, ng'ambo ya barabara.

"Na mimi nitapita wapi?"

"Kwangu! Nikufungie njia wewe? Tumenyonya titi moja."

Baba mdogo akashuhudia, akafurahi kwamba safari hii hakushika kamba. Tulipobaki wawili, mama akaniambia, "Yeye hatakufungia. Mwanawe je?"

Neno hilo nililala nalo, nikaamka nalo. Kulipokucha nikavuka barabara. Fundi na vijana wake walikuwa wameshapiga vigingi na kuvuta nyuzi za msingi, kutoka mpaka wa kaka mkubwa hadi mwisho wa upande wake.

"Kaka, njia iko wapi?"

"Si hapo pembeni? Kuna uchochoro."

"Huo wa mtu. Maksai?"

"Wavute matumbo, wapite kiubavu." Vijana wakaangua kicheko. "Dada, ngoja nimalize kujenga, tutaongea."

Tutaongea. Kilima cha babu kiliisha hivyohivyo, watu wakingoja kuongea. Mawe ya msingi yalikuwa yameshamwagwa, na jiwe likishazikwa halisikii maombi.

Nikarudi zizini, nikawafunga maksai nira, nikawavusha barabara. Nikawapanga kando ya mpaka wa kaka mkubwa, upana wa nira yao, kisha nikazamisha plau.

"Wewe! Umechanganyikiwa?"

Uzi ulimnasa maksai wa kulia mguuni, ukakatika. Kigingi kikang'oka, kikaburutwa. Sikutazama nyuma. Fundi akatuzunguka mbio, akasimama mbele ya nira na nyundo mkononi, na wale maksai wakasimama, maana aliwalisha tangu ndama.

"Unajua umekula chumba kizima?"

"Najua."

"Ungeniambia!"

"Nimekuuliza sasa hivi, mkacheka."

Aliwatazama vijana. Hakuna aliyekuwa anacheka. Akautazama mfuo, kisha mto kule chini, ule upande aliokuwa amenipa.

"Kichwa kama cha baba," akasema. "Mbishi mpaka kwa mawe."

Akainama, akaokota kigingi kilichoburutwa, akakichomeka nje ya mfuo wangu, akakigongelea. Akajipangusa mikono kama mtu aliyemaliza kazi.

"Haya, pita."

Nikatazama mteremko. Kigingi cha kona ya chini ya msingi kilikuwa palepale pa asubuhi, katikati ya njia.

"Na kile?"

"Dada, kile nitakihamisha baadaye."

Nilibaki nimeshika plau, ulimi wake umo ardhini, maksai wakipunga mikia. Wingu lilikuwa limeshafunika nusu ya kilima. Fundi akasonya, akachukua nyundo, akaanza kuteremka. Nikamfuata kwa macho mpaka nikausikia mlio wa nyundo nje ya njia, ndipo nikawaambia maksai twende.