Mstari wa Kijinga

Baba alicheka akiwa amechelewa. Wenzake walikuwa wameshamaliza kupiga mapaja na kufuta machozi, ndipo na yeye akafungua mdomo, akatoa kicheko kikavu kama ganda la mkate wa juzi. Unga ulikuwa bado umemganda kwenye nyusi. Kikombe chake cha chai kilibaki hewani, hakiendi mdomoni wala hakirudi mezani. Mimi niliyejibanza kwenye kigoda nyuma ya spika, niliona. Wengine hawakuona kitu. Walikuwa wanasikiliza muziki.

Kijiwe chenyewe ni duka la fundi redio. Kila Jumapili mchana anafunga ubao mmoja wa mlango, anasogeza televisheni zilizotolewa matumbo, na wapenzi wa nyimbo za zamani wanaingia. Sharti ni moja: kila mtu alete, kwa kanda au flashi, mwanamuziki wa kwao. Siyo wale wakubwa wanaopigwa kila mahali. Wale wa kwao hasa, waliozeeka kwenye harusi na misiba ya huko huko, ambao sifa zao hazijavuka mto wa pili. Na ukileta wimbo, uutetee: nani kapiga, gitaa kalifunga vipi, maneno yanasema nini. Fundi anamleta mzee mmoja wa zeze ambaye anakohoa katikati ya kila wimbo, na ole wako useme kikohozi kikatwe. Bi Mkunga, aliyezalisha nusu ya mtaa huu kabla hajastaafu, analeta akina mama wanaoimba kwa makofi matupu. Kwake bendi isiyo na makofi ni chai isiyo na sukari. Tairi, dereva wa lori, hana kwao hata mahali pamoja. Kila anakoshusha mzigo anapakia nyimbo.

Baba hakuwahi kuleta wimbo. Analeta mikate. "Mimi kwetu ni tanuri," anasema, na wanamwacha.

Jumapili hiyo Tairi alichomeka flashi huku akijilamba midomo. "Leo nimewaletea mwanamke. Chiriku wa milimani. Shikeni viti."

Nilijua kabla hata gitaa halijaingia. Shangazi aliwahi kuniambia, siku moja akinisuka, kitana kimebanwa kwenye meno: mama yako hakufa, mama yako anaitwa Chiriku, alifuata bendi wakati wewe bado unatambaa. Kisha akavuta nywele kwa nguvu, mazungumzo yakaishia hapo. Mimi na baba tulihamia huku baadaye. Hapa mtaani hakuna aliyejua, na baba hakuwa mtu wa kutembea na kidonda chake kifuani kama nishani.

Sauti ilikuwa nyembamba, tamu, yenye makali pembeni, kama kisu cha kukatia keki. Iliimba juu ya mwanamke aliyeolewa na kuni mbichi. Anapuliza mpaka mashavu yanauma, macho yanamwasha, chungu hakichemki. Kila aliposema *kuni mbichi, kuni mbichi*, gitaa lilijibu kwa kebehi, na watu wazima wale wakaangua kicheko kama watoto. Halafu ukaja ubeti wa mwisho, muziki ukapungua:

*Moshi wake nimejikinga,*
*maneno yake nimeyapinga,*
*nimetoka bila kuringa,*
*jikoni nimeacha kijinga.*

"Umesikia hiyo?" Tairi alirukaruka. "Kaacha kijinga jikoni! Kajinga kadogo, kamekaa kanapuliza moshi peke yake! Huyu mama muuaji!"

"Mjinga ni wewe," Bi Mkunga akamkata. "Kijinga ni kile kipande cha kuni chenye moto. Hukuzaliwa kwenye mafiga? Mtu akiondoka akaacha kijinga, maana yake kaacha moto. Kuna kitu bado kinawaka mle jikoni."

"Kuni ni mbichi, kijinga kitoke wapi?"

"Ndiyo utamu wa wimbo huo, we bwege!"

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Fundi akaurudisha mstari ule mara nyingi, akiinamisha sikio kwenye spika kama daktari. Na Tairi, ambaye hawezi kuacha kitu kipite bila kukibandika jina, akamgeukia baba. "Lakini kuni mbichi wa kweli si huyu hapa? Mwangalie! Toka alfajiri ananuka moshi! Bwana Kuni Mbichi, hujambo?"

Hapo ndipo baba alipocheka, amechelewa.

Jina likashika kama masizi. Wiki haikuisha, wateja wa mikate wakawa wanaagiza kwa jina hilo: Kuni Mbichi, nipe miwili ya moto. Baba anaitika. Anafunga mikate kwenye karatasi, anarudisha chenji, anaitika.

Mimi nikabaki na neno langu moja: kijinga. Darasani mwalimu ananiambia nimemeza sauti na funguo zake. Hata jibu nikilijua nalitazama tu likipita. Lakini mstari ule niliuimba kimoyomoyo njiani, kwenye foleni ya maji, juu ya daftari la hesabu. Nilikuwa nimeusikiliza wimbo wote nikijitafuta. Mume yumo, moshi umo, chungu kimo, hata paka wa jirani yumo. Mtoto hayumo. Isipokuwa kama mtoto ni yule kijinga. Na kama ni yeye, basi ni yupi: kajinga kanakochekwa, au moto ulioachwa ili usizimike?

Siku moja tukisafisha tanuri nikamuuliza baba. Yeye kila anapomaliza kuoka huchagua kipande kimoja cha kuni kilicholiwa nusu na moto, akakifukia kwenye jivu. Kesho yake anakifukua, anakipuliza, kazi inaanza. Hajawahi kununua kiberiti kwa ajili ya tanuri lile.

"Baba, kijinga ni nini?"

Aliendelea kufukia. "Si hiki hapa unakiona kila siku."

"Na kwenye wimbo?"

Alijifuta uso kwa mkono wenye majivu, akajichora mstari bila kujua. "Kwenye wimbo aulizwe aliyeimba, mama." Ananiita mama tangu nikiwa mdogo, kama baba wengi wanavyowaita mabinti zao. Siku hiyo lilinichoma.

Basi nikachagua mwenyewe. Nilichagua moto. Nikaanza kutembea kama mtu aliyebeba kitu ndani ya kanga asichotaka kionekane. Wasichana wakinicheka kwa ukimya wangu, nasema moyoni: chekeni tu, mimi nimo kwenye wimbo.

Kisha Tairi akaingia kijiweni akipiga honi kwa mdomo. Chiriku amepatikana! Amekuja mjini kutibiwa goti, na amekubali kupita Jumapili. Fundi akafagia duka mpaka chini ya meza, mahali ambapo ufagio haujawahi kufika. Bi Mkunga akasema sasa ndipo ubishi wa kijinga utakwisha, na atakayeshindwa atanunua soda za watu wote.

Baba aliposikia aliendelea kukanda unga. Jumapili ilipofika alioka mkate mmoja mkubwa, wa mviringo, ambao haoki kwa ajili ya kuuza. Akaufunga kwenye kitambaa cheupe.

"Wapelekee. Mgeni hapokewi mikono mitupu."

"Na wewe?"

"Tanuri haliachwi peke yake." Ulikuwa uongo, moto ulishapoa. Nilipofika mlangoni akaniita. "Mama. Usiulize swali ambalo jibu lake huna pa kuliweka."

Nilidhani Chiriku atakuwa mrefu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mafua, miwani imening'inia kwa uzi, mguu mmoja ameunyoosha juu ya boksi la redio. Analalamikia dawa za goti kwamba zinamharibia tumbo. Sauti ya kisu cha keki haikuwepo; ilikuwa imekwaruzika, sauti ya mtu anayeomba kitu dirishani. Lakini masikio yalikuwa yangu. Yamechomoza juu kidogo, kama yanasikiliza kitu nyuma. Nikayafunika ya kwangu kwa kanga.

Waliomba aimbe, akaomba radhi. Waliuliza gitaa alipiga nani, akamtaja, akasema alikufa na madeni yake. Alikuwa mchangamfu, anataniana na Tairi kama wamelelewa pamoja. Hatimaye Bi Mkunga akasogeza kiti.

"Dada yangu, tuamulie. Ule mstari wa mwisho. Kijinga ni mpumbavu au ni moto?"

Mimi nilikuwa nimeshika mkate bado, joto lake linapita kwenye kitambaa mpaka tumboni.

Chiriku alitazama juu, akitafuta. "Upi? Aaa, ule!" Akacheka mpaka akakohoa. "Jamani, nyie mnaumiza vichwa bure. Tulikuwa studio, vina vinaishia na *nga*, nimejikinga, nimeyapinga, kuringa, mstari mmoja umebaki na saa za kulipia zinaisha. Mpiga gitaa akasema weka kijinga, kinaishia vizuri. Nikaweka."

"Kinaishia vizuri tu?" Bi Mkunga akauliza taratibu.

"Kinaishia vizuri tu, dada."

Tairi akapiga meza kwa furaha. "Hakuna mshindi! Kila mtu ajinunulie soda yake!" Wakacheka wote, hata Bi Mkunga, akitikisa kichwa.

Sauti niliyoisikia baada ya hapo sikuitambua. Kumbe ilikuwa yangu.

"Na jikoni hakukuwa na mtu?"

Fundi alinigeukia kana kwamba moja ya redio zake mbovu imeongea. Chiriku akavaa miwani. "Nani huyu mtoto mzuri?"

"Huyo!" Tairi akadakia, akijua atachekesha. "Huyo ni binti wa Kuni Mbichi! Tunaye wetu hapa, wa kweli kabisa, mwoka mikate. Ananuka moshi, mpole, ukimtukana anakupa mkate!"

Walicheka tena. Chiriku hakucheka. Alinitazama usoni, akateremka mpaka kwenye kile kitambaa cheupe, akapanda tena mpaka kwenye kanga niliyojifunika masikioni. Kisha akanyoosha mkono, akaupokea mkate, akaumega kwa vidole bila kisu, akala.

"Wimbo ni wimbo, mwanangu," alisema, mdomo umejaa.

Mwanangu. Muuza mchicha ananiita hivyo. Kondakta asiyenijua ananiita hivyo. Nililigeuza neno lile huku na huku nikitafuta upande wake mwingine, kama walivyokuwa wanautafuta wa lile la kijinga, na hakuna aliyebisha kwa niaba yangu. Tayari Fundi alikuwa anamuuliza juu ya bendi nyingine.

Alipokuwa anaondoka, akishikiliwa huku na huku kwa ajili ya goti, aliomba kipande cha mkate kilichobaki afungiwe. "Una moshi kidogo," aliwaambia, bila kunitazama. "Lakini fungeni."

Nilimkuta baba amekaa kwenye gunia la unga, mbele ya tanuri ambalo lilikuwa linawaka. Aliliwasha nikiwa nimeondoka. Hakukuwa na kitu ndani.

"Mkate waliupenda?"

"Mgeni alisema una moshi."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa anaijua. "Kuni za leo," alisema. "Zilinyeshewa na mvua."

Moto ulipolegea akachokoa, akavuta kijinga kimoja pembeni, chenye jicho jekundu, akanipa koleo. "Kifukie, mama. Kisizimike."

Nikaanza kusukuma jivu. Nyuma yangu baba akapiga mluzi. Sikuwahi kumsikia akipiga mluzi maishani. Ulikuwa wimbo ule, mluzi safi, usiokosea hata pale gitaa linapokejeli. Alifika kwenye ubeti wa mwisho. Akapita kujikinga, akapita kupinga, akapita kuringa. Hapo akanyamaza, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi.

Mstari uliobaki, ule wa kijinga, nilikuwa naujua. Ulikuwa umenikaa kwenye ulimi toka siku ya kwanza. Nilikiangalia kile kijicho chekundu kikinitazama kutoka kwenye jivu, baba anangoja, na koleo likaanza kunichoma mkono.