Dakika Tano za Nyamagana

Mwaka 1974 chuo kilinituma kijiji cha Usevya, wilayani Mpanda, kwa wiki nane, kuendeleza darasa la kisomo cha watu wazima lililokuwa limeanza mwezi wa tatu. Nilifika na chaki, vitabu vya kilimo bora cha mpunga, na redio moja niliyokabidhiwa kwa maandishi ili wanafunzi wasikilize vipindi vya kisomo kila Jumatano. Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba redio ile ingeleta mapinduzi ya fikra kijijini. Iliyaleta, ila si kwa namna niliyoiandika katika mpango wangu wa kazi.

Kijiji kilikuwa kimegawanyika. Hakikugawanyika kwa ukoo, wala kwa dini, maana karibu wote walikutana kanisani Jumapili. Kiligawanyika kati ya Simba na Yanga. Hapakuwa na mtu aliyepata kukanyaga Dar es Salaam, lakini kila mmoja alizungumza juu ya klabu yake kama anavyozungumza juu ya mjomba wake, na juu ya klabu ya pili kama anavyozungumza juu ya mbuzi wa jirani.

Kiongozi wa Simba alikuwa Anselmo, mkulima wa mpunga mwenye sauti iliyofika ng'ambo ya mto. Alikuwa Simba kwa sababu kaka yake alimletea shati jekundu kutoka Tabora. Mkewe, Emerensiana, ndiye aliyekuwa mwanafunzi wangu hodari kuliko wote, naye alikuwa Yanga. Nilimuuliza sababu.

"Mwalimu, mume wangu ni Simba," alinijibu, kama mtu anayefafanua jambo lililo wazi. "Nyumba nzima ikiwa upande mmoja, nani atamtania nani?"

Basi walitaniana tangu alfajiri mpaka taa inazimwa.

"Klabu yenu inaitwa Vijana tangu babu yangu hajaoa," Anselmo alisema siku moja mbele ya darasa, amekuja kumfuata mkewe. "Watakua lini hao?"

"Na nyie mnaojiita Simba, simba mnamjua?" Emerensiana alimrudishia. "Sisi hapa tunamsikia kila wiki. Anayewinda ni jike. Dume linaamka nyama ikishaiva!"

Wanawake walipiga vigelegele. Anselmo alicheka, lakini hakufurahi. Nilikuwa nimeanza kutambua kwamba kilichomkera hakikuwa Yanga. Lilikuwa ni lile daftari ambalo mkewe alilibeba kwapani kila Jumatano na Ijumaa, lenye maandishi ambayo yeye, mwenye nyumba, hakuweza kuyasoma.

"Mama Damiano," alisema, "Jumamosi Simba na Yanga wanakutana Mwanza, pale Nyamagana. Bingwa wa nchi anajulikana siku hiyo. Simba akishinda, daftari nalichukua, na mambo ya kula ugali wa baridi yamekwisha."

"Na Yanga akishinda?"

"Hawezi."

"Nimeuliza, Baba Damiano."

"Akishinda, soma mpaka uwe padri!"

"Haitoshi. Akishinda, na wewe unakuja kukaa kwenye benchi hili hapa, unajifunza."

Anselmo alicheka mpaka akashika nguzo ya darasa. "Nakubali! Nyie wote mashahidi!"

Nilisimama kupinga. Nilikuwa nimeandika insha ndefu chuoni juu ya haki ya mwanamke kupata elimu, na sikuona vipi haki hiyo ingeweza kuwekwa rehani kwa miguu ya watu ishirini na wawili. Emerensiana alinivuta pembeni.

"Mwalimu, niache. Huyu namjua mimi. Kwa hotuba hatoki. Kwa mpira atatoka."

Kijijini palikuwa na redio mbili tu. Ile ya padri wa kanisa letu ilikuwa imekwenda naye Karema, kwa hiyo iliyobaki ni ya darasa. Betri zake zilikuwa zimechoka, na mpya hazikupatikana karibu zaidi ya Mpanda. Jumamosi tangu asubuhi tulizianika juani juu ya kipande cha bati, huku Ngolo, Yanga mkubwa na mpiga ngoma wa kijiji, akizilinda dhidi ya kuku. Saa kumi kasoro, uwanja wa darasa ulijaa. Simba walikaa kushoto wakiwa na kitambaa chekundu kilichobaki tangu askofu alipopokewa. Yanga walikaa kulia wamejifunga majani ya maboga vichwani. Niliweka redio katikati, juu ya meza, kwa uangalifu kama wa mtu anayeweka mtoto mchanga.

Mapema tu Simba walifunga bao.

Sijui nielezeje kilichofuata. Anselmo alipanda juu ya kinu akawa anahutubia. Mzee mmoja asiyesikia vizuri alikumbatiwa na watu watatu kwa mfululizo, akauliza nani ameoa. Upande wa kulia, majani ya maboga yalianza kunyauka. Emerensiana alikaa amekunja mikono, macho kwenye redio, midomo ikichezacheza kama anasali.

Kipindi cha pili kilipokaribia mwisho, sauti ya mtangazaji ilianza kufifia. Ikawa kama anazungumza kutoka ndani ya mtungi. Tukasogea. Tukasogea tena, mpaka Simba na Yanga wakawa wamebanana bega kwa bega, wanavuta pumzi kwa zamu. Nilisikia neno "dakika", nikasikia "tano", halafu kimya.

Ngolo alizitoa betri akazing'ata moja baada ya nyingine. Anselmo aliipiga redio kofi la mgongoni. Tulizirudisha, zikatoa mkoromo mmoja, zikakata roho.

"Sasa?" mtu aliuliza.

Wote wakanigeukia mimi.

"Mwalimu, wewe ndiye msomi," Anselmo alisema. "Sema. Nani ameshinda?"

Ningeweza kusema kwamba sijui. Lakini muhula uliotangulia nilikuwa nimefaulu somo la takwimu, na watu mia moja walikuwa wananitazama. Nilieleza, kwa sentensi zilizopangwa vizuri, kwamba timu inayoongoza huku zimebaki dakika tano haina sababu ya msingi ya kushindwa. Kwa hiyo, kwa hesabu ya uwezekano, Simba ni bingwa.

Emerensiana alinitazama mara moja tu. Kisha akalitoa daftari kwapani, akalifuta vumbi kwa ncha ya kanga, akampa mumewe.

Kijiji kilishangilia siku tatu. Yanga walilazimishwa kumbeba Anselmo juu ya kitanda cha kamba, wakizunguka naye kutoka kanisani mpaka ghala la mpunga, na Ngolo akipiga ngoma ya ushindi wa adui yake huku amenuna. Kwa kweli hata mimi nilicheka. Lakini kila nilipopita nyumbani kwa Anselmo, Emerensiana alikuwa anachochea moto, wala hakuniita kuniuliza neno lolote gumu kama ilivyokuwa desturi yake. Nilijua nimemnyang'anya mtu kitu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jumatano mchana lori la Zubery lilifika. Zubery alikuwa na duka Kashaulili, mjini Mpanda, na kila wiki alikuja kununua mpunga. Alikuta kitanda cha kamba bado kinazungushwa, Anselmo juu yake, anapunga mkono. Zubery alizima injini, akakaa anatazama.

"Jamani," aliuliza, "huyo ni mgonjwa?"

"Ni bingwa!" Simba walijibu kwa pamoja.

"Bingwa wa nini? Yanga mbili, Simba moja. Walisawazisha mwishoni kabisa, wakaongezewa dakika, wakafunga la pili. Mpanda nzima Simba hatujala tangu Jumamosi."

Kitanda kilishuka chini kwa haraka kidogo kuliko kilivyopaswa.

"Muongo!" Anselmo aliruka. "Mfanyabiashara wewe, unatuletea utani!"

"Mimi, Simba wa damu, nijizushie msiba mwenyewe? Haya, gazeti hili hapa. Limeshuka jana na treni."

Ngolo alilipokea gazeti, akanyoosha mkono anipe mimi. Anselmo akamzuia.

"Mwalimu hapana! Mwalimu alishasema Simba ameshinda. Leo atasema lingine, kesho lingine. Huyu hatumwamini."

Nilirudisha mkono mfukoni.

"Basi asome nani?" Zubery aliuliza. "Mimi mwenyewe nimesomewa."

Simba walitazamana, Yanga wakatazamana. Ndipo Emerensiana akatoka nyuma ya umati, mikono ina unga.

"Nipe mimi."

"Mpe," Anselmo alisema, na nikaona usoni mwake kwamba hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Miezi mitano ya kwenda na kurudi, aliamini, haikuzaa kitu zaidi ya ugali wa baridi.

Emerensiana alijifuta mikono, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Alisoma polepole, silabi moja moja, na kila silabi ilipotoka umati uliirudia kwa kunong'ona, Simba na Yanga pamoja, kama kwenye litania. Alipofika jina la mji, Ngolo alianza kurukaruka. Alipofika kwenye bao la kusawazisha, hakuna aliyeweza kusimama pahali pamoja. Jasho lilimtoka, lakini kidole hakikuteleza. Mwishoni aligeuza gazeti, akamwonyesha mumewe matokeo.

"Hizi ni namba, Baba Damiano. Namba unazijua, za kwenye mizani."

Anselmo aliinama. Alizitazama muda mrefu, mbili na moja, kama mtu anayetafuta kosa kwenye mzigo wake.

Yanga walilipuka. Walimwinua Emerensiana kumpandisha kitandani, akawapiga makofi mikononi.

"Niacheni nyie! Sitaki kubebwa. Nataka daftari langu."

Anselmo alikwenda nyumbani. Alikaa huko kitambo, na watu wakaanza kusema amekimbilia Mpanda kwa miguu. Aliporudi alikuwa na daftari mkononi, na nyuma yake wanaume sita wa Simba, kila mmoja na kigoda chake.

"Siji kwa sababu ya ahadi," alitangaza mbele ya mlango wa darasa. "Nakuja kwa sababu mwanamke wa Yanga hawezi kuwa peke yake anayesoma habari za Simba. Nani anajua ataongeza nini? Tunakuja kukagua!"

"Karibuni wakaguzi," nilisema, na sauti yangu ilinisaliti kwa furaha.

Walikataa kukaa upande wa Yanga. Walikataa pia kitabu cha mpunga. Mpunga, walisema, wanaujua kuliko aliyekiandika. Walitaka gazeti. Nilibandika ukurasa ule ubaoni, nikachukua fimbo ya kuonyeshea, kisha nikafikiri vizuri zaidi, nikampa Emerensiana. Aliisogeza polepole mpaka chini ya neno la kwanza.

"Baba Damiano," alisema, "anzia hapa. Na sauti itoke, kama ile ya kwenye kinu."